Mtumbwi wa Shadia Ulionong'ona

Mimi ndiye niliyeanza ule uvumi, na nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu. Naitwa Winfrida. Naanika na kuuza dagaa mwalo wa Kibirizi, mwaka wa kumi na tisa huu, na mdomo wangu unajulikana kuanzia kwenye mizani hadi kule mwisho wanakovutia mitumbwi. Siku hizi ukitaja jina la Gervasi, watu wanatabasamu. Zamani walikuwa wanatema mate chini, na wa kwanza kutema nilikuwa mimi.

Gervasi ni fundi wa kuziba mitumbwi. Mtumbwi wa mbao ukikaa majini miezi kadhaa unaanza kuvuja kwenye maungio. Basi unavutwa nchi kavu, unageuzwa kifudifudi juu ya magogo, na fundi anaingia chini yake na nyundo, patasi na pamba iliyolowekwa mawese. Anashindilia pamba kwenye kila ufa, halafu anapigilia ukanda wa bati juu yake. Kazi hiyo hufanyika zaidi siku za mbalamwezi, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawana haja na taa ya mtu. Siku kumi hivi mwalo unapoa. Wavuvi wanakwenda makwao, wengine wanakunywa, na Gervasi anakuwa chini ya mitumbwi toka asubuhi hadi jioni. Ukipita huoni kitu ila nyayo zake.

Hilo ndilo alilolipendea, ila sisi hatukujua. Hapa petu kusalimiana ni kazi. Mtu wa Buha akikutana na mtu anasimama, anainama kidogo, anapiga viganja taratibu, anasema mwakeye, anauliza nyumbani, watoto, shamba, na ng'ombe hata kama ng'ombe waliisha enzi za babu. Ukimaliza wewe, anaanza mwenzako. Asiyesalimia ana lake jambo. Gervasi akiona watu wawili wamesimama njiani alizunguka nyuma ya vyoo vya mwalo, akakanyaga tope, akatokea upande wa pili miguu imechafuka. Alifanya hivyo miaka yote niliyomjua. Wengine walisema ana majivuno. Mimi nilisema ana kitu anachokificha, na nilisema kwa sauti ya juu yeye akiwa anasikia.

Mtu mmoja tu hakumsema, mdogo wangu Elia. Elia alikuwa mvuvi, mtu wa mzaha, asiyekaa na kinyongo. Siku moja alinikuta namsengenya Gervasi kama kawaida yangu akaniambia, "Dada, yule mtu hana ubaya. Salamu zenu ni ndefu, zinamkaba." Yeye alikuwa na njia yake. Akipita karibu na mtumbwi aliomo Gervasi, aligonga ubao kwa ngumi mara mbili, ko, ko, akaendelea na safari bila kusimama. Kutoka ndani nyundo ilijibu mara mbili. "Basi, tumeshasalimiana," Elia alikuwa akisema, na mimi namcheka.

Miaka tisa iliyopita Elia aliingia ziwani na Bilali, mume wa Shadia, kwa mtumbwi wa Bilali mwenyewe. Usiku ule upepo haukuwa mkali hata kidogo. Siku ya tatu mtumbwi ukaonekana upande wa kaskazini, unaelea bila kupinduka, mtupu. Taa zilikuwemo. Wavu ulikuwemo, mkavu. Chakula cha Elia kilikuwemo kwenye kopo lake, hakijafunguliwa. Walitafuta wiki mbili hadi upande wa Kongo. Hawakupata hata kandambili.

Tulikaa matanga bila kaburi. Mama yetu akakataza jina la Elia lisitajwe nyumbani mpaka mwili upatikane, maana kumtaja ilikuwa sawa na kukubali. Mwili haukupatikana. Mama akafariki na katazo lake likabaki, na mimi ninayesema kila kitu, hilo jina moja sikulitamka miaka minane. Nikiulizwa nina ndugu wangapi nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Mtumbwi ule Shadia hakuuuza. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na hakuwa na kitu kingine duniani. Gervasi aliupitia ubao kwa ubao asipate mahali panapovuja, basi Shadia akaweka wavuvi wa kukodi, na mtumbwi ukarudi kazini. Watu walinung'unika, lakini ulikuwa unavua, na mtumbwi unaovua husamehewa mengi.

Sasa njooni mwezi wa nane mwaka jana. Mnajua mwezi wa nane kwetu. Moshi wa mashamba yanayochomwa unashuka toka milimani kama Kalinzi huko, unakaa juu ya ziwa na hauondoki. Milima ya Kongo haionekani. Maji na mbingu vinakuwa rangi moja, na mtumbwi ulioko mbali unauona umening'inia tu hewani. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Saa saba mchana jua linachoma, mwalo mzima watu wamekwenda kula na kulala, na mimi nimerudi kugeuza dagaa wangu. Nikapita karibu na mtumbwi wa Shadia, uliokuwa umegeuzwa kifudifudi pembeni peke yake, mbali na mingine.

Nikasikia waya. Mtu anaugusa waya polepole, halafu mwingine, halafu wa kwanza tena. Nikasimama. Kisha chini ya waya ikaja pumzi. Sisemi sauti, maana sauti haikuwepo. Ilikuwa pumzi yenye maneno, na mbao za mtumbwi zilikuwa zinaitoa kila upande, huwezi kusema inatoka wapi. Ilikuwa inanong'ona kwa Kiha. Ilisema: Bilali wa Mtoro, uri he? Yaani, uko wapi? Waya ukalia mara tatu. Halafu ikasema: Elia wa Leonardi, uri he?

Baba yetu aliitwa Leonardi.

Nilitupa ungo. Nilikimbia mpaka kwenye mizani na kandambili moja, na wa kwanza niliyemkuta nilimshika shati nikamwambia mtumbwi wa Shadia unaita wafu. Kufika jioni Kibirizi nzima ilijua, na wanaokuja na bajaji toka mjini walikuwa wanaulizia wauone.

Mkumbuke uvumi ulianzia kinywani mwangu, na watu waliniamini kwa sababu sijawahi kuonekana mwoga. Baada ya siku mbili wengine nao walisikia. Mmoja akasema zilikuwa sauti mbili, ya ndani na ya nje, zinajibizana, na nje hakuona mtu. Mwingine akasema zilikuwa tatu. Wanaume sita walikwenda na fimbo kuangalia. Mnong'ono ukakatika kabla hawajafika, na chini ya mtumbwi walimkuta Gervasi na nyundo yake. Wakamuuliza ameona mtu hapo. Akatikisa kichwa. Wakaondoka wakisema kama hata huyu haogopi, basi ndiyo maana Winfrida anasema ana kitu.

Wavuvi wa Shadia wakakataa kazi. Akatafuta wengine, hakuna aliyekubali. Mwezi ulikuwa unakaribia kupungua, mwalo uanze kazi tena, na wenye mitumbwi mingine wakamwendea Feliksi, mwenyekiti wa mwalo, wakasema hawataingia ziwani kama ule mtumbwi utakuwa pale unahesabu watu. Leo unaita waliokwisha kufa, kesho utaita nani? Feliksi ni mtu wa kanuni, si mtu wa mizimu, lakini watu mia tatu wakigoma kanuni haisaidii. Akatangaza kuwa Jumamosi saa kumi alasiri mtumbwi utachomwa moto. Shadia alikuja kwangu akakaa kwenye mchanga akaniuliza, "Mama Winfrida, ulisikia kweli?" Nikamwambia nilisikia. Akasema, "Basi sawa," na hakulia. Bora angelia.

Sasa kuhusu Ishimwe. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, familia yao ya Burundi iliyohamia siku nyingi. Ananifanyia kazi ya kuanika. Ana kigugumizi kikali, neno likimkamata shingo inavimba mpaka unamwonea huruma, kwa hiyo haongei. Miaka mitatu kazini kwangu nilikuwa nimesikia kwake maneno kama ishirini. Alhamisi asubuhi alikuja, akanisogelea sikioni, akanong'ona, "Mwaramutse, mama. Watoto wameamka salama?" Salamu nzima, kwa Kirundi chao na Kiswahili chetu, bila kukwama hata mara moja. Kisha akaenda kwenye vichanja kana kwamba hajafanya kitu.

Nywele zilinisimama. Nikajiambia kile cha mtumbwini kimemwingia. Nikakumbuka pia kwamba siku hizo, kila saa saba, Ishimwe alikuwa anapotea na kurudi ana uso mwepesi. Kwa hiyo siku hiyo alipoondoka nilimfuata. Nilikuwa naogopa, sifichi, lakini yule ni mtu wangu wa kazi na watoto wake nawajua.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mtumbwi wa Shadia. Akapiga magoti, akaingia chini. Waya ukaanza. Pumzi ikaanza. Zilikuwa tatu kweli, moja ya mtu mzima, moja nzito ya mzee, moja ya mwanamke. Nikasogea mpaka nikagusa ubao, na ubao ulikuwa unatetemeka kiganjani. Nikainama.

Walikuwepo watatu wameketi mchangani. Ishimwe. Mzee Gélase, fundi viatu anayekaa karibu na stendi ya bajaji, aliyekuja toka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mtoto na mpaka leo watoto wa mtaani wanaiga matamshi yake. Na Gervasi, na mapajani mwake kipande cha mti kilichochimbwa mfano wa chano kirefu, kimevutwa nyuzi nane. Inanga. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nayo moja, ilikuwa inahifadhiwa karibu na moto isipate unyevu. Nilikuwa nimesahau kabisa jinsi inavyopigwa. Mpigaji haimbi, hunong'ona, na nyuzi ndizo zinazompa sauti. Hewa ya mle ndani ilinukia mawese.

Mimi niliyekuwa naogopa mzimu nilikuta mzimu unaniogopa mimi. Gervasi alirudi nyuma mpaka kichwa kikagonga mbao.

"Shikamoo, Mzee Gélase," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba, mama. Ingia, jua kali," akasema yule mzee, na nikaingia kwa magoti na umri wangu huu.

Gélase ndiye aliyeeleza. Alisema mwezi wa saba alikuja kukaa kwenye kivuli cha mtumbwi mmoja ashone kiatu, akasikia inanga mle ndani, wimbo wa kusifia ng'ombe aliokuwa anaupiga baba yake. Alikuwa hajausikia tangu avuke mpaka. Hakuuliza nani yumo. Alijua mtu anayepigia chini ya mtumbwi hataki kuulizwa. Mstari ulipoisha akaweka mdomo kwenye ufa wa ubao akanong'ona mstari unaofuata. Ndani nyuzi zikasita. Halafu nyuzi zikaendelea. Wakaimba hivyo kwa mwezi mzima, ubao katikati yao, mmoja hajui sura ya mwenzake. Hiyo ndiyo sauti ya nje iliyojibizana na ya ndani, mzee akiwa amekaa upande wa pili wa mtumbwi. Mwisho Gervasi mwenyewe alimsukumia kigoda kidogo chini ya mtumbwi, na Gélase akaelewa kwamba amekaribishwa.

"Na Ishimwe?"

"Mimi nilimwambia," akasema Gélase. "Nilimwambia ajaribu. Ukinong'ona, kigugumizi hakikuoni."

Ishimwe akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

Ndipo hasira zangu zikanirudia, maana hasira kwangu hazikai mbali. Nikamgeukia Gervasi. "Na wewe, nani alikupa ruhusa ya kumwita mtu wangu? Sisi kwetu jina lile halitajwi. Unajua nimelala siku ngapi macho wazi?"

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Kisha akagusa uzi mmoja, na kwa pumzi ya inanga, bila kuniangalia, akasema, "Alikuwa ananigongea."

Nilielewa. Nilielewa yote. Watu wote wa Kibirizi walikuwa na mahali pa kumwekea Elia, wana stori zake, wana picha kwenye simu. Huyu alikuwa na ko, ko tu, na ilipokatika hakuwa na mtu wa kumwambia. Basi alikuwa anamwita. Kila mbalamwezi, miaka minane, chini ya mtumbwi ule ule. Mimi dada yake nilikuwa nimekaa kimya, na yule niliyemtemea mate ndiye aliyekuwa anamtafuta. Nililia pale pale, na Ishimwe akanishika bega.

Nilipomaliza kulia nikawaambia, "Jumamosi wanauchoma."

Waliniangalia. Hawakujua. Uvumi umezunguka mpaka Ujiji, na watu watatu waliousababisha hawakuwa na habari ya moto, maana nani angewaambia? Hawaongei na mtu.

Nilikwenda kwa Feliksi siku hiyo hiyo. Nikamwambia ni inanga, ni Gervasi, hakuna mzimu. Feliksi akavua miwani. "Mama Winfrida, wiki iliyopita ulisema ni wafu. Nusu ya hawa watu wamegoma kwa ajili ya mdomo wako. Leo unasema ni Gervasi. Watasema Shadia kakupa kitu. Aje mwenyewe, aseme mbele yao kuwa ni yeye. Akisema, nazima jambo hili. Asiposema, saa kumi nawasha kiberiti."

Nikarudi kumwambia Gervasi. Nilimwona anavyopauka. Mtu ambaye hakuweza kusema mwakeye kwa mtu mmoja, anatakiwa aseme mbele ya mia tatu. Ijumaa hakuonekana mwalo, nyumbani kwake mlango ulifungwa, na Gélase alipogonga hapakuwa na jibu.

Jumamosi ule moshi wa milimani ulikuwa mzito kuliko siku zote. Jua lilikuwa jekundu na unaweza kuliangalia kwa macho. Ziwa halikutikisika hata ukingoni. Watu walijaa, wachuuzi, wabebaji, wavuvi, wengine wamekuja na watoto kutazama, na makelele yao yalikuwa ya sokoni kama kawaida, muziki wa simu, mtu anauza karanga. Kijana wa Feliksi alikuwa ameshika dumu la petroli. Shadia alisimama kando na wanawe wanne, amejifunga khanga kiunoni, anautazama mtumbwi wa mumewe. Saa kumi kasorobo Gervasi hakuwepo. Nilianza kumtukana moyoni, kisha nikajitukana mimi.

Halafu watu wa upande wa mizani wakaanza kugeuka. Gervasi alikuwa anakuja. Hakupita nyuma ya vyoo. Alipita katikati ya soko, njia asiyowahi kuikanyaga, inanga ameibeba kichwani, Gélase kulia, Ishimwe kushoto. Shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni.

Akafika mbele ya Feliksi. Akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikasimama, midomo ikacheza, na hakikutoka kitu. Mtu akacheka. Mwingine akapiga kelele kuwa wasipoteze muda. Kijana akafungua mfuniko wa dumu na harufu ya petroli ikatufikia.

Gervasi akakaa chini. Akaegemea mtumbwi, akaweka inanga mapajani, akaanza kupiga. Hakuna aliyesikia. Waliokuwa mbele waliona tu vidole vinakwenda na midomo inakwenda. "Nyamazeni basi," mmoja wao akasema, "anasema kitu." Waliokuwa nyuma yao wakanyamaza wasikie. Na wa nyuma yao. Muziki ukazimwa. Mwenye karanga akanyamaza. Mimi nimekaa Kibirizi miaka kumi na tisa, sijawahi kusikia mwalo ule kimya mchana. Nilisikia inzi juu ya dagaa. Na ule mnong'ono, ambao wote walikuwa wameukimbia, ukatufikia mmoja mmoja, na kila mtu akaona unatoka wapi.

Bilali wa Mtoro, uri he? Gélase na Ishimwe wakaitikia. Shadia akafunika mdomo kwa khanga.

Elia wa Leonardi, uri he?

Nyuzi zikalia mara tatu kama zilivyolia siku ile, na Gervasi akatulia avute pumzi.

Ko, ko.

Ilitoka ndani ya mtumbwi. Mara mbili, kwa ngumi, kama mtu anayepita. Nitawaambia na mengine ili msiseme naongeza: mbao hulia jua likipungua, kila anayekaa na mitumbwi anajua. Lakini mbao hulia popote zinapotaka. Hii iligonga pale pale alipoegemea Gervasi, mgongoni kwake, na mgongo wake ulishtuka. Feliksi alipiga magoti akachungulia chini. Alikaa ameinama muda mrefu. Aliposimama alisema hakuna mtu, na mchanga haujakanyagwa.

Watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Na kule nyuma sauti ikasema, "Choma. Choma sasa hivi." Wengine wakaipokea. Kijana wa dumu akasogea.

Wakati huo Gervasi alikuwa amegeuka. Ameweka kiganja kwenye ubao, na uso wake haukuwa na woga wowote, mimi nilikuwa karibu niliuona. Akasema kwa sauti, sauti ya kweli ya mwanamume, nene na ya kukwaruza kwa kutotumika, "Nipo, Elia. Nipo, ndugu yangu." Mwalo mzima ulisikia. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Gervasi ambayo Kibirizi iliwahi kuyasikia.

Sijui nilifikaje. Nilijikuta nimesimama kati ya dumu na mtumbwi, nimenyoosha mikono. "Mimi ndiye niliyewaambia unaita wafu," nikasema. "Ndiyo, unawaita. Anayetaka kuuchoma aje, lakini ajue humo yumo Elia. Elia, mdogo wangu, Elia wa Leonardi. Hana kaburi. Miaka minane nimemnyamazia, na leo amebisha hodi. Njoo basi, mwaga petroli yako." Kila nilipolitaja lile jina kifua kilikuwa kinafunguka, nikalitaja tena na tena mpaka sauti ikakauka.

Kijana akaangalia mchanga. Feliksi akamnyang'anya dumu, akalifunga mfuniko taratibu. Nilidhani atatoa hotuba. Badala yake akamwendea Gervasi, akachuchumaa, akamnong'oneza sikioni. Gervasi akaitika kwa kichwa na kugusa nyuzi. Tukasikia jina la mtoto, Bariki wa Feliksi, uri he? Mtoto aliyezama akiwa na miaka saba, kabla Feliksi hajawa mwenyekiti wa kitu chochote. Wengi wetu hatukujua kama aliwahi kuwa na mtoto huyo. Baada yake akaja mama mmoja muuza mihogo. Baada yake watu wakapanga mstari wenyewe, wanainama, wananong'ona, wanatoka wanafuta macho. Giza lilipoingia mstari ulikuwa bado.

Mtumbwi wa Shadia unavua hadi leo. Siku za mbalamwezi unavutwa pale pale pembeni na watu wanakuja, siku nyingine kumi na tano, siku nyingine hatutoshi chini yake. Agnesi wa Kalinzi amekuja na inanga ya babu yake. Kuna mwalimu wa hesabu asiyeweza kumwangalia mtu usoni. Chini ya mtumbwi mle anatania kuliko wote. Gélase anawafundisha watoto wale wale waliokuwa wakiiga matamshi yake, na sasa wanataka wayaige sawasawa. Ishimwe bado anagugumiza akiongea na watu wa mizani. Akikwama ananong'ona, na wanunuzi wanamsogelea wamsikilize. Kwa kweli bei anazopata yeye mimi sijawahi kuzipata kwa kelele zangu.

Gervasi hajawa msemaji, msinielewe vibaya. Salamu ya Kiha bado inamshinda. Anasema mwakeye, anapiga viganja, akifika kwenye ng'ombe anachoka. Lakini hapiti tena nyuma ya vyoo.

Mimi nikipita asubuhi na beseni langu, naye yumo kazini, nagonga ubao mara mbili. Nyundo inajibu mara mbili. Halafu natua beseni chini, nasubiri zile mbili nyingine, za ngumi, na siondoki mpaka nizisikie.